Mada: Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari na hizi seli shina, kuna anayejua?

Hamjambo wanakundi, samahani kwa meseji ndefu ila nimechoka kukaa na hili jambo kichwani peke yangu. Mume wangu ana sukari mwaka wa tisa huu, na chini ya unyayo, pale kidole gumba kinapoanzia, ana kidonda cha miezi mitatu hakifungi. Hakimuumi hata kidogo, ndiyo maana mwanzoni tulikipuuza, akaendelea na shifti zake za kusimama, akirudi akivua soksi tunakuta majimaji. Daktari wetu wa kawaida kampa antibiotiki mara mbili, nesi anabadilisha bandeji, basi. Sasa binamu yake katuma linki ya kliniki iko nchi nyingine, wanadunga seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa aina nyingine za seli, zilizotoka kwenye kitovu cha mtoto mchanga, wanasema kidonda kinafunga ndani ya wiki chache na mguu haukatwi. Wanataka hela ya awali kabla mwezi haujaisha na ndugu wameshaanza kuchanga. Naombeni anayejua aniambie, hii kitu ni ya kweli? Na kama ni ya kweli mbona huku hospitali hakuna hata mmoja aliyetutajia?

Jibu:

Pole sana mdogo wangu, na shemeji mfikishie pole. Mimi ni nesi kwenye kliniki ya vidonda, mwaka wa kumi na moja sasa, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu na nakuomba hiyo hela isiende popote mpaka umalize kusoma.

Seli shina zenyewe si uongo. Zinazofanyiwa utafiti sana kwenye vidonda zinaitwa za mesenkaima, zinatolewa kwenye uboho wa mfupa, kwenye mafuta ya mwilini au kwenye kitovu na kondo la nyuma mama akishajifungua. Watu wengi wanadhani zikidungwa zinageuka kuwa ngozi mpya, lakini nyingi zinakufa baada ya muda mfupi tu, kazi yake kubwa ni kutoa kemikali zinazofanya mishipa midogo ya damu ichipue na kutuliza ule uvimbe wa ndani usioisha, maana ndio unaofanya kidonda cha sukari kigande pale pale. China mwaka 2011 walitoa matokeo ya wagonjwa 41 wenye sukari na miguu isiyopata damu vizuri, seli za mesenkaima zikaponya vidonda haraka kuliko seli nyingine za uboho, ila kwenye kukatwa miguu hawakuona tofauti. Uholanzi mwaka 2015 wakatoa utafiti mkubwa zaidi, watu 160 wenye mishipa ya miguu iliyoziba vibaya, wengine waliingiziwa seli za uboho wao wenyewe na wengine kitu cha kulinganishia kisicho na seli hizo, na baada ya miezi sita hawakuona tofauti ya maana kwa waliokatwa miguu huku na huku.

Halafu kuna huu wa Korea Kusini wa 2019 ambao hizo kliniki zinapenda kuutaja. Walitengeneza kama kibandiko chenye seli za mafuta kutoka kwa mtu mwingine, wakakiweka juu ya kidonda, na kufikia wiki ya 12 vidonda vilivyofunga kabisa vilikuwa asilimia 82, wasiopata seli asilimia 53. Matokeo mazuri, nimefurahi kuyaona, ila wagonjwa wote walikuwa 59 tu. Na mimi jicho langu linakwenda kwenye hiyo 53. Zaidi ya nusu ya watu walipona bila seli hata moja, kwa sababu mtu akiwa ndani ya utafiti kidonda chake kinatunzwa inavyotakiwa kila wiki. Shemeji hajapata hata hicho. Umeniandikia antibiotiki, umeniandikia bandeji, hujaniandikia popote kwamba kuna mtu alimzuia kukanyaga kile kidonda, wala kwamba kuna mtu alipima kama damu inafika kwenye vidole.

Kidonda cha pale kinatokana na kukanyaga. Neva zimekufa ganzi, mwenye mguu hasikii, kila hatua anapasua upya kile ambacho mwili umejenga usiku, na ukidunga seli za aina yoyote halafu akarudi kusimama shifti nzima juu yake atazisaga zile seli kama anavyosaga nyama yake. Miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari, ile ya 2023 ya IWGDF, kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, kwa kidonda cha unyayo kama hicho chaguo la kwanza ni plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, au buti linalofika karibu na goti na lisilovulika. Lisilovulika, naomba ulitilie mkazo hilo neno, kwa sababu buti la kuvua watu wanalivua wakifika nyumbani na hatua za nyumbani nazo ni hatua.

Kuhusu damu, usikubali kuambiwa tu kwamba mapigo ya mguuni yapo. Waulize kama watapima presha ya kidole cha mguu, maana kwa mtu wa sukari mishipa ya kifundo inakakamaa na kipimo cha pale kinaweza kusoma vizuri wakati chini damu haifiki, na kama haifiki anatakiwa mtaalamu wa mishipa aangalie uwezekano wa kuizibua kabla ya mambo mengine yote. Na waangalie mfupa. Kidonda cha miezi mitatu mtu akiingiza kijiti butu cha chuma cha kuchunguzia kwa taratibu na kikagusa mfupa, huenda maambukizi yameshaingia ndani, na hayo hayaishi kwa dozi fupi.

Umeuliza mbona hawawatajii. Hakuna anayewaficha. Marekani kwa mfano, FDA, mamlaka yao ya kuidhinisha dawa, imeruhusu seli za damu ya kitovu kwa magonjwa ya damu, na Desemba 2024 ikaruhusu kwa mara ya kwanza dawa ya seli za mesenkaima, ya watoto wenye matatizo fulani baada ya kupandikizwa uboho. Ya kidonda cha mguu hakuna. Kuna ngozi za maabara zenye seli hai, Apligraf na Dermagraft, hizo ziliruhusiwa kwa mguu wa kisukari mwaka 2000 na 2001, ila si seli shina, na nimeona matangazo yanayochanganya hivi vitu viwili makusudi. Huko huko Marekani mwaka 2018 watu 12 walilazwa na maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa za damu ya kitovu ambazo hazikuwa zimeidhinishwa. Hiyo ni kwa watu ambao hata kidonda hawakuwa nacho.

Kama kweli mnataka seli, muulizeni mtaalamu wa miguu kama kuna jaribio la tiba linalopokea wagonjwa mlipo. Jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mgonjwa tiba inayojaribiwa, litampima mishipa na maambukizi kwanza na linaweza kumkataa, na fomu ya ridhaa mna haki ya kuelezwa kwa lugha mnayoielewa. Anayekupa tarehe ya mwisho ya kulipa bila hata kuuona mguu, mdogo wangu, huyo mkimbieni.

Jibu:

Dada nesi kasema kweli tupu. Mimi nilikuwa na kidonda hicho hicho, unyayo, miezi mitano, bandeji kila siku. Nikapata rufaa ya kliniki ya mguu wa kisukari, wakakwangua nyama iliyokufa na ile sugu ya pembeni, wakanipiga plasta mpaka karibu na goti, wanaibadilisha kila wiki. Wiki ya tisa kilikuwa kimefunga. Shida yangu kubwa ilikuwa kazini, bosi hakuelewa kwa nini mtu asiye na maumivu hawezi kusimama, ikabidi nimwombe daktari barua inayosema wazi "asisimame wala kutembea" kwa idadi ya wiki, hiyo ndiyo ilinipa kazi ya kukaa. Na kama lugha ya hospitali inawasumbua, ombeni mkalimani mapema, msimtumie mtoto kutafsiri, mwanangu alikuwa anaogopa kunitamkia neno kukatwa. Ndugu, kikifunga msitupe macho pembeni, mimi kilirudi ndani ya mwaka kwa sababu ya viatu tu.

Jibu:

Asanteni sana, nimelia nikisoma. Nimempigia binamu, uchangishaji umesimama. Tumepata apointimenti, presha ya vidole ni nzuri, mfupa umepigwa picha hauna kitu, juzi kapigwa plasta. Nesi alipima kidonda kwa rula kabla. Sasa tutajuaje kama kinapona na hatukioni? Na anasema ule mguu mwingine ni baridi, anataka kuuweka karibu na hita.

Jibu:

Alhamdulillah kwa hayo majibu mdogo wangu. Kila wakifungua plasta mwambie nesi apime tena na akuandikie namba. Baada ya wiki nne kiwe kimepungua angalau nusu ya eneo lake, kisipopungua hivyo usisubiri, waambie waanze kutafuta sababu upya. Hita hapana kabisa, mguu wa ganzi unaungua na mwenyewe hajui, avae soksi nene isiyobana, na wewe uukague ule mguu mzima kila jioni mpaka katikati ya vidole. Plasta isilowe. Vidole vikibadilika rangi, harufu ikitoka, akipata homa au sukari ikipanda ghafla bila sababu, msingoje siku ya apointimenti, nendeni dharura usiku huo huo.