Hivi "kariri tu" ndo jibu la mtoto akiuliza kwa nini y iko juu???

Aisee nimechoka. Binti wa dada yangu yuko fomu wani hapa Arusha, shule siitaji, wamefika kwenye slopu ya mstari, ile ya badiliko la y gawanya kwa badiliko la x. Kanyoosha mkono kauliza, ticha kwa nini isiwe x juu y chini? Akajibiwa "umekuja kusoma au kunifundisha, kariri hivyohivyo", darasa zima likamcheka. Sasa hivi ukimgusia hesabu anakwambia mjomba mi hesabu siziwezi. Fomu wani huyo! Halafu matokeo ya fomu foo yakitoka hesabu inaburuza mkia tunaanza kulaumu simu.

Kinachoniudhi zaidi jibu lipo na wala sio gumu. Y kukaa juu ni makubaliano, basi. Sisi tunaendesha kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, na kote magari yanafika, ila mkishachagua wote mfuate. Ungeweka x juu jiometri isingeanguka, mistari sambamba bado ingekuwa na slopu sawa, na ile inayokatana kwa pembemraba ukizidisha slopu zake bado unapata hasi 1: chukua 2 na hasi nusu, zipindue ziwe nusu na hasi 2, zidisha uone. Ambacho kingebadilika ni kwamba mstari uliolala ndo ungekosa slopu maana unagawa kwa sifuri, na uliosimama wima ungekuwa sifuri. Sasa nani anataka barabara tambarare iwe haina jibu? Na kubwa kuliko yote, mara nyingi x ndo kitu unachokichagua mwenyewe na y inakifuata, kwahiyo unachotaka kujua ni x ikisogea 1 y inasogea ngapi. Ndo hivyo tu, hata kipindi hakiishi.

Mi kazi yangu ni barabara, haya mambo nakula nayo. Mwinuko wa barabara tunasema asilimia 8, yaani unapanda mita 8 kwa kila mita 100 za kwenda mbele. Ila njoo kwenye ubavu wa tuta, lile la udongo linalobeba barabara, mchoro mmoja unaandika 1:2, kupanda 1 kwa kwenda 2, mwingine uliochorwa kwa mtindo wa Marekani tuta hilohilo unaandika 2:1, ulalo kwanza. Usiposoma maelezo pale pembeni ya mchoro unamwaga kifusi unapata ukuta badala ya tuta. Na hakuna injinia anayesema huyu kavunja sheria ya hesabu, wanauliza tu mmekubaliana ipi.

Wale wa Kilimanjaro Marathon pale Moshi wanahesabu dakika 6 kwa kilomita, dereva wa noah angesema kilomita 10 kwa saa, mwendo ni uleule umepinduliwa. Kwa mkimbiaji namba ikishuka ndo anafurahi.

Tena kichekesho, jiografia shuleni kwake hukohuko wanachora grafu ya joto la mlimani, kimo kimewekwa wima na joto limelala chini, wakati joto ndo linalofuata kimo! Kwa wastani ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6.5. Weka hiyo grafu kwenye fomula ya ticha wa hesabu unapata kama hasi 154, mita kwa kila nyuzi. Mtoto anayeuliza kwa nini ndo angestuka hapo, aliyekariri anaandika jibu anasonga.

Na msinielewe vibaya sio kila kitu ni makubaliano. Ukianza na nukta ya pili utoe ya kwanza, au uanze na ya kwanza utoe ya pili, slopu haibadiliki ilimradi juu na chini ufuate mpangilio mmoja, maana alama zote mbili zinageuka zinafutana. Hiyo inathibitika, hakuna aliyepiga kura. Sasa watoto wanapewa vyote viwili kwenye kapu moja la "kariri", hawajui kipi watu walichagua na kipi hakina namna.

Ada tunalipa, rimu tunapeleka, tuisheni ya Jumamosi juu. Wenye watoto fomu wani hapa town hebu waulizeni leo jioni kwa nini y iko juu, mje mniambie wamejibu nini.