Naomba ushauri: niende Mwanza niache familia Dar?

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nimepata kazi Mwanza, mshahara unapanda vizuri ila wife na watoto watabaki Dar mpaka mwaka wa shule uishe, na kila nikiwaza najiona nakula chipsi peke yangu geto, roho inauma kweli.

Sasa kuna wanasaikolojia wa Marekani, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, mwaka 1998 wao na wenzao walionyesha watu tunakosea kutabiri hisia zetu za mbeleni, tunadhani maumivu yatadumu sana. Waliuliza walimu wa chuo kikuu wakinyimwa ajira ya kudumu itakuwaje, wakasema wataumia miaka, kumbe walionyimwa kweli hawakuwa na huzuni kuliko waliopata!

Halafu 2009 Gilbert akaja na nyingine, hii ndo imenifanya niandike. Wadada walitabiri watafurahia kiasi gani maongezi ya dakika tano na mkaka wasiyemjua, na waliopewa maoni ya dada mmoja aliyeshaongea naye walipatia kuliko waliopewa picha na maelezo yake.

Kwa hiyo naomba sana mliowahi kuishi mbali na familia kisa kazi mniambie siku ya kawaida tu, mfano Jumanne jioni umetoka job, unajisikiaje? Na mama watoto alikuwaje, watoto je? Hao wa kazi ya Mwanza wanataka jibu Ijumaa.