Bangili ya mapigo ya moyo ya bibi inakula betri kwa saa mbili, nisaidieni

Mtoto wa Mikindani
Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi fundi simu hapa Mtwara mjini. Bibi yangu yuko Mikindani, nimemtengenezea bangili ya kupima mapigo: sensa ya MAX30102 inayomulika ngozi kwa taa kusoma damu, bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye WiFi), betri ya mAh (miliampia-saa) 200 niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Akiivaa saa 1 asubuhi, saa 3 imezima. Halafu akiwa amekaa inasoma 76, na nikihesabu shingoni napata hiyohiyo. Akianza kubangua korosho inaruka 118, 120, na yeye wala hahemi! Nimepandisha mkondo wa taa hadi mwisho, wapi. Nakosea wapi?

Solda Baridi
Unamwonea taa bure. Taa ya sensa hiyo haiwaki muda wote, inakonyeza. Chukua kila mkonyezo mikrosekunde 411, mara 100 kwa sekunde, miliampia 50: wastani ni kama miliampia 2. Zipo taa mbili, basi 4. Wewe umemaliza 200 kwa saa mbili, yaani 100 kila saa. Zingine kala nani? WiFi umeizima?

Mtoto wa Mikindani
Haijazimwa mkuu. Inatuma kwenye simu yangu kila sekunde.

Solda Baridi
Mwizi huyo. Izime. Sensa ina ghala lake la vipimo 32, iache ijaze yenyewe, ghala likikaribia kujaa ndipo iiamshe bodi. Mapigo hayahitaji vipimo 100 kwa sekunde, 25 vinatosha. Pima nusu dakika kila baada ya dakika kumi, katikati ilaze bodi usingizi mzito. Na ing'oe ile taa ndogo ya bodi inayowaka muda wote, haina kazi.

Binti Newala
Hiyo 120 si moyo, ni jiwe. Hesabu anagonga korosho mara ngapi kwa dakika, utaikuta namba yako. Mkono ukitikisika damu nayo inasukwa, na sensa inapishana na ngozi. Saa za dukani nyingi hutumia mwanga wa kijani, kwa sababu damu inaumeza sana na hauendi mbali ndani, hivyo mtikisiko hauusumbui kama mwekundu. Ya kwako ina nyekundu na infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) tu, hizo kwa kidole ni nzuri, kwa kifundo cha mkono zinahangaika. Ila kijani nacho kwa ngozi zetu nyeusi kinataka mkondo zaidi, melanini, yaani rangi ya ngozi, inakimeza kabla hakijafika kwenye damu. Kwa sasa mhamishie mkono mwingine.

Korosho Ghafi
Mkono mwingine ndio unaoishika korosho, dada. Hujawahi kubangua wewe 😂

Binti Newala
Haya nimekamatika. Basi ipime akipumzika tu. Weka sponji nyeusi pembeni jua lisiingie, kaza kiasi, isiminye.

Mzee wa Shangani
Mwanangu, bibi akisema moyo unamwenda mbio, usiangalie bangili. Mpeleke hospitali ya Ligula.

Mtoto wa Mikindani
Nimekusikia mzee wangu. Mrejesho: WiFi nimezima, jana imewaka asubuhi mpaka baada ya magharibi. Nimehesabu jiwe, mara 119 kwa dakika, Binti Newala pokea maua yako. Bibi anauliza mbona saa yenyewe haioneshi saa.