Re: Kulea watoto wa ustawi wa jamii: nani anafaa?

> Shikamooni wakubwa. Mimi na mume wangu tuko Uingereza, tunafikiria kuomba halmashauri tuwe walezi wa kambo, yaani kumlea kwa muda mtoto asiyeweza kukaa kwao. Tumelea wadogo zetu na wapwa. Hiyo haitoshi?

Marahaba dada.

Inasaidia, ila si hiyo wanayoitafuta kwanza. Masharti ya karatasi ni machache: miaka 21, ukaazi halali na, kwa kawaida, chumba cha ziada. Nyumba ya kupanga si kikwazo, na asiye na ndoa anapokelewa. Kazi iko kwenye tathmini. Inachukua miezi, na afisa ustawi atawauliza mlivyolelewa, mnavyogombana, hata mlivyoachana na wenza wa zamani. Kama mumeo ni wa "ya nyumbani yaishie nyumbani", lizungumzeni kabla hamjagusa fomu.

Fimbo marufuku, na kofi pia, wazee wetu wa jumuiya waseme wasemavyo.

Sasa mtoto mwenyewe. Anaweza kuficha mkate chini ya mto na jikoni kumejaa, kwa sababu alikotoka kula kulikuwa kwa bahati. Mwenye pupa atamwita mwizi. Anayefaa atamwekea kopo la biskuti kando ya kitanda, akilijaza bila maneno, na usiku ataandika kwenye daftari la mtoto: kala nini, kalala saa ngapi, kasema nini. Kila siku. Wengi huchokea hapo.

Zaidi ya yote, si mtoto wenu. Mama yake atapangiwa siku za kumwona, na huenda ninyi ndio mtakaompeleka. Mtamsalimia vizuri hata kama mnajua yaliyotokea. Mtoto akirudi amenuna, usiku akikojoa kitandani, hamtamteta mama yake mbele yake. Korti ikiamua arudi kwao, mnapakia nguo zake zote na picha zake. Anayetafuta mtoto wa kuwa wake ataumia sana. Huyo aulizie kuasili.

Posho ya kila wiki ipo, ila ni ya kumtunza mtoto. Msiipigie hesabu ya kodi ya nyumba.

> Asante kaka. Sisi ni watu wa kanisa kila Jumapili. Mtoto akiwa wa dini nyingine je?

Atafuata yake, nanyi mtamsaidia aifuate, ikibidi kumpeleka kwenye ibada. Mkiona hilo litawashinda, mwambieni afisa mapema, kabla mtoto hajaletwa.