PID ya mkononi au tyubu za kupeleka maabara? (moshi wa maganda ya korosho)

mbanguaji_mtw: Wakuu habari za jioni. Nataka kununua mashine ya kupima hewa chafu. Kuna PID ya mkononi (kipimo cha taa kinachoonyesha papo hapo mvuke wa kemikali hewani), na jamaa mwingine ananiambia niachane nayo nichukue tyubu za kunasia hewa nizipeleke maabara. Ipi nzuri? Nataka majibu kabla ya Ijumaa maana hela ya kikundi ikikaa inaliwa.

fundi_vipimo: Hewa chafu ipi? Ya wapi? Bajeti? Hujasema kitu mkuu.

mbanguaji_mtw: Samahani. Tupo Mikindani, tunabangua korosho na maganda yake ndo kuni zetu. Majirani wanakohoa, macho yanawawasha, wameshafika kwa mtendaji.

fundi_vipimo: Haya sasa. PID nyingi zina taa ya 10.6 eV (ndo nguvu ya mwanga wake), zinakupa namba moja ya jumla iliyolinganishwa na isobutilini, gesi ya kulinganishia. Haikuambii hii benzini, hii tolueni. Na unyevu wa huku pwani unaipotosha. Tyubu ya Tenax (chembechembe zinazonasa mvuke wa kemikali) unavutia hewa kwa kipampu, maabara wanaipasha moto, vilivyonaswa vinaingia kwenye mashine ya GC vinaachana kimoja kimoja, halafu mashine ya MS inavipasua na kutambua kila kimoja kwa uzito wa vipande vyake. Mtendaji akitaka jina la sumu, jibu ni tyubu.

Bi_Shangani: Mie PID siiachi ng'o. Unawasha, unazunguka nayo uani, unaona papo hapo moshi unakoelekea. Tyubu utasubiri majibu mpaka msimu uishe.

mzee_mchinga: Tyubu zilinitia hasara nyie acheni tu. Nilipima karakana ya rangi za mbao hapa Lindi, tyubu sita, nikapoteza vizibo vyake vya shaba nikaziba na vya plastiki vya kubahatisha, nikazipakia basi la Dar, kumbe kwenye buti konda kaweka galoni la petroli la mtu, majibu yanarudi benzini na tolueni utadhani nimepimia sheli! Maabara wananiuliza tyubu tupu iko wapi, ile inayosafiri na wenzie bila kuvutiwa hewa ili ulinganishe, nikabaki natoa macho. Hela ikaenda.

fundi_vipimo: Pole mzee. Ndo maana nazisafirisha kwenye kontena safi lenye barafu, na tupu lazima. Ila Tenax peke yake haimalizi kazi kwa moshi. Fomaldehaidi, gesi inayowasha macho, inataka katriji ya DNPH (kemikali inayoinasa) na mashine ya HPLC ya kuitenganisha kwenye kimiminika, na zile PAH nzito (kemikali za moshi zenye pete nyingi za kaboni) zinazokaa kwenye masizi zinataka filta na sponji ya PUF.

kijana_newala: Mnazunguka wee, inayowasha macho ni salfa ya mikorosho

fundi_vipimo: Salfa sio ogani (kemikali ya kaboni) ndugu, Tenax haiinasi hata ufanyeje. Na salfa tunapuliza mikorosho ikiwa na maua, yeye anachoma maganda. Ganda lina mafuta yenye kadoli na asidi ya anakadi, yale yale yanayobabua vidole vya wabanguaji.

kijana_newala: Sawa profesa.

mdau_madimba: Nadandia hapo hapo, hiyo PID itanifaa kwa gesi yetu ya huku ikivuja?

Bi_Shangani: Hapana mwanangu. Gesi ya Mnazi Bay karibu yote ni methani, na methani taa hiyo haiiwezi. Tafuta FID, kipimo kinachoichoma gesi kwa mwali.

fundi_vipimo: @mbanguaji_mtw bajeti bado hujataja

mbanguaji_mtw: Laki nane

mzee_mchinga: 😂😂 laki nane PID ya maana hupati. Jengeni dohani ndefu kwanza.

mbanguaji_mtw: Dohani tulijenga mzee, ikashindwa na upepo wa kusi.

Bi_Shangani: Nendeni kwanza ofisi ya Mkemia Mkuu muulize bei ya sampuli moja. Kipampu ninacho, nitakuazima, ila chaji yake haimalizi saa mbili.

kijana_newala: Kwani mnada wa juzi korosho zimetoka bei gani?

mzee_mchinga: Usinikumbushe.