Naomba ushauri: chumba cha kusomea kijijini, mchwa wanatumalizia vitabu

Habari zenu wadau. Niko wilaya ya Bahi, Dodoma. Wazazi wachache tulichanga, kijiji kikatupa chumba kimoja, tukaweka mabenchi na vitabu kama 200. Maktaba ya mkoa iko mjini, lakini mtoto wa huku nauli ya kwenda na kurudi ataitoa wapi?

Na watoto wanakuja jamani. Kuna binti wa darasa la tano, akitumwa maji anaacha ndoo mlangoni, anasoma amesimama mpaka aitwe kwao. Huyo ndiye ananinyima usingizi.

Shida kubwa ni mchwa. Wiki iliyopita nilivuta kamusi kwenye shelfu nikabaki na jalada mkononi, ndani udongo mtupu. Fundi alipuliza dawa, miezi miwili wamerudi. Naambiwa tuweke shelfu za chuma, miguu ikae kwenye makopo ya oili chafu. Kuna aliyejaribu?

Halafu Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, haiishii Maktaba Kuu ya Dar. Aliyewahi kuwaomba vitabu au mafunzo, barua aliipitisha kwa mtendaji wa kijiji au halmashauri?

Mama anayetunza chumba anajitolea tu. Wazazi wengine wako tayari kutoa debe la mtama kila mavuno. Naona ni haki yake, ila mkutano wa kijiji nianze kuuelezaje?