Masasisho yanapobadilisha ugumu wa michezo ya mikakati na kuvuruga modi

Mkakati_Umoja:
Hamjambo wenzangu. Tangu sasisho la karibuni la Stellaris, mchezo wa kujenga himaya angani, lijisakinishe (na kunimalizia bando), kiwango cha ugumu nilichokizoea kimekuwa kama kingine kabisa. Himaya za kompyuta zinaunda meli nyingi mapema kuliko zamani, nao uchumi wangu unakwama hata kabla sijakutana na jirani wa kwanza. Ninatumia modi (nyongeza zinazoundwa na wachezaji) kadhaa za uchumi, na zote zinaonekana kuwa nzima kwa sababu mchezo unafunguka bila shida. Je, kompyuta imeerevuka, au kuna takwimu zilizobadilishwa? Nitajuaje kama tatizo liko kwenye mchezo au kwenye modi?

Binti_Pangani:
Ndugu, katika michezo mingi ya aina hii, kupandisha ugumu hakumwongezei mpinzani akili, bali humwongezea mali. Katika Civilization VI, kompyuta haipewi nyongeza kwenye kiwango cha Prince, ilhali kwenye Deity, kilicho kigumu kuliko vyote, inaanza na vikosi vitatu vya walowezi wakati wewe unacho kimoja, tena ikiongezewa uzalishaji, dhahabu na nguvu za vita. Nyongeza kama hizo hupangwa kulingana na uchumi uliopo, kwa hiyo sasisho likiugusa uchumi, ugumu nao hubadilika hata kama jina la kiwango limebaki lilelile. Tulishaliona hili katika Stellaris: toleo la 2.2 la Desemba 2018 liliondoa vigae vya sayari (viwanja vya kujengea) na kuleta wilaya na ajira, kompyuta ikashindwa kuusimamia uchumi huo mpya, na watu wakawa wanashinda kwa urahisi kwenye viwango vilivyowatoa jasho awali. Wasanidi walipoifunza kusimamia sayari zake vizuri zaidi katika matoleo ya baadaye, viwango hivyo vikawa vikali tena. Kwa hiyo huenda yote mawili yanakusumbua. Binafsi napendelea mtindo wa Age of Empires II: Definitive Edition, ambapo kompyuta haipewi mali ya bure.

Fundi_wa_Ngara:
Nakubaliana na dada, lakini mimi ningezishuku modi kwanza. Mchezo kufunguka si ushahidi wa lolote. Stellaris hulinganisha toleo lake na lile lililoandikwa kwenye faili ya maelezo ya modi, na yakitofautiana hukuonya tu. Tena mwenye modi anaweza kuibadilisha nambari hiyo bila kurekebisha kitu kingine chochote. Fungua folda ya modi, ingia common, kisha defines. Ukikuta faili iitwayo 00_defines.txt, jina lilelile la faili ya mchezo, basi modi imeifunika faili nzima, na kila takwimu ambayo wasanidi waliirekebisha humo imerudishwa ilivyokuwa siku modi ilipoandikwa. Unakuwa unacheza mchezo mpya kwa hesabu za zamani, jambo ambalo hakuna aliyelipima, si wasanidi wala mwenye modi. Modi iliyoandikwa kwa uangalifu huwa na faili yenye jina lake yenyewe, na ndani yake mistari michache tu inayobadilishwa.

Kabla ya kulaumu yeyote, anza mchezo mpya bila modi kwa kiwango hichohicho, ucheze miongo ya mwanzo, kisha urudishe modi mojamoja.

Babu_SouthB:
Vijana, msisahau michezo iliyohifadhiwa. Kama una himaya uliyoifikisha mbali, usiiendeleze kwenye toleo jipya. Katika Steam, programu ya kununulia na kufungulia michezo, fungua Properties za mchezo, nenda Betas, uchague toleo la zamani. Hata hivyo, modi za Workshop (sehemu ya Steam ya kupakulia modi) hujisasisha zenyewe na hazitakusubiri, kwa hiyo nakili folda zake mapema na kuziweka kando. Na mkicheza pamoja mtandaoni, kila mmoja awe na toleo lilelile na modi zilezile, la sivyo hamtaingia mchezo mmoja.

Mkakati_Umoja:
Shukrani, Babu, nanyi wenzangu. Nimeikuta 00_defines.txt ndani ya modi mojawapo, na mara ya mwisho kuguswa ilikuwa kabla ya sasisho. Ninaiondoa hiyo kwanza.